Chuma au Mfupa: Kichwa cha Nakundwa

Same, Jumapili alasiri. Upepo na vumbi.

Upepo wa leo hauna adabu. Tangu asubuhi unatupa vumbi mpaka ndani ya sufuria, na mabati ya nyumba hii yanagombana kama mawifi. Kwetu Mhezi, juu mlimani, saa hizi ukungu umeshuka na kila mtu ana sweta lake. Hapa Same mtu anavaa vumbi.

Nimeamka na hofu. Nimesali, ipo. Nimekunywa chai, ipo. Nimemgombeza Upendo, binti wa marehemu dada yangu aliyetupokea hapa mjini, eti mahindi ya makande hayakukobolewa vizuri. Upendo amenuna, na hofu haijasogea hata kidogo.

Kesho asubuhi natakiwa nimpigie simu daktari wa Moshi nimpe jibu. Mjukuu wangu Nakundwa azibwe kichwa kwa mfupa wake mwenyewe, au kwa chuma.

Nimeiandika. Nilidhani nikiiandika itapungua uzito. Haikupungua.

Nakundwa ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Alisema, "Bibi, maneno yako nyumba haiyatoshi, tuyapeleke kwenye mtandao." Wakati ule mimi nilikuwa nasema, yeye anaandika. Sasa naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na mkiona makosa nyamazeni. Niliishia darasa la nne. Na yule aliyeniandikia juzi nimpake mtoto mavi ya ng'ombe kichwani, nimekusoma, na usirudi tena.

Nakundwa si mtoto. Ni mwanamke mzima, ana shamba lake la tangawizi juu kule, analilima mwenyewe na kuuza mwenyewe. Baba yake, mwanangu Eliamini, alifariki binti akiwa bado ananyonya. Mama yake akaolewa Maore, ana watoto wengine huko, akipiga simu analia tu mpaka salio linaisha. Sina kinyongo naye, ila kulia si kazi. Kwa hiyo ni mimi.

Wakati wa mvua za masika alipanda juu ya magunia yake ya tangawizi, kwenye gari linaloshuka sokoni. Msinihubirie. Wote tunapanda hivyo, mimi nimepanda hivyo tangu nikiwa na meno yangu. Utamwachia nani mzigo wako? Kwenye kona moja tope lilikuwa jingi, gari likayumba, yeye akaenda na gunia lake mpaka kwenye mawe.

Gunia lilipasuka. Na kichwa.

Hospitalini wakasema ubongo umevimba, hauna nafasi. Wakaondoa kipande cha fuvu upande wa kushoto, kipana kama kiganja changu, ili ubongo upate pa kuvimbia. Sasa sikilizeni hili. Kile kipande hawakukitupa. Walimchana ngozi ya tumbo, upande wa kulia, wakakiweka humo chini ya ngozi, kama mtu anavyoficha noti kwenye pindo la kanga. Eti mwili wake ukitunze mpaka siku ya kukirudisha. Sista alinieleza, nikadhani ananichezea kwa sababu nimetoka mlimani. Nikamwita mwingine. Akaeleza vilevile.

Tangu hapo binti anaishi na fuvu kichwani na fuvu tumboni.

Akisimama, pale kushoto ngozi inadidimia, panakuwa na bonde. Akilala panajaa. Akisinzia mchana mimi nakaa pembeni naangalia, panapiga, panapiga, kama utosi wa kichanga. Nimelea watoto na wajukuu, utosi nimeuona mwingi. Lakini utosi wa kichanga unajua unaelekea kufunga. Huu hauelekei popote. Unasubiri watu.

Nikamnunulia helmeti ya bodaboda. Nyekundu, ndiyo iliyokuwepo. Anaivaa jikoni, anaivaa shambani kwenda kuangalia tu, na kanisani namfunga kitenge juu yake. Watoto wa jirani walimwita rubani. Nikawatoa mbio na mwiko mpaka kwa mama yao, na mama yao naye nikampa yake. Mtu anacheka kichwa kisichofungwa? Kuku akipita mbio karibu naye mimi moyo unaruka. Kopo likianguka, moyo unaruka. Nazi, mwichi wa kinu, mlango wa bati, vyote sasa kwangu ni maadui.

Na maneno yanamkimbia. Anajua anachotaka, neno haliji. Anataka chumvi, anasema, "Ile... ile ya... ya kuonja." Mtu aliyekuwa anabishana na wachuuzi wa Ndungu mpaka wanaweka mikono kichwani.

Daktari alisema tungoje uvimbe uishe, nguvu zirudi, halafu mfupa urudishwe. Tukangoja. Nilikuwa nimeshazoea kuongea nao huo mfupa. "Kaa salama," nauambia. "Siku yako inakuja."

Ijumaa tukaenda Moshi tukijua tunapangiwa siku tu.

Daktari ni kijana, ila amelelewa. Aliniamkia shikamoo kabla hajakaa, na alimwita Nakundwa kwa jina lake. Mimi nilimwangalia mikono. Misafi, kucha fupi. Nikasema moyoni, hii ndiyo itakayoingia kichwani mwa binti yangu, na haijawahi kushika jembe. Sijui kama hilo ni zuri au baya.

Akafungua picha kwenye kompyuta.

"Bibi, mfupa tuliouweka tumboni umeliwa kingo."

"Umeliwa na nani?"

"Na mwili wenyewe. Hutokea. Mfupa ukikaa mbali na mahali pake, mwili unaweza kuanza kuuyeyusha."

Akanionyesha. Kweli, pembeni umekuwa kama mkate uliopitiwa na panya. Mwili wa Nakundwa unautafuna mfupa wa Nakundwa! Na mimi nauambia kaa salama.

Akasema anaweza kuurudisha hivyohivyo, wapo wanaotaka hivyo, na mfupa wa mtu mwenyewe ukikubali kushika hakuna kinachoushinda. Ila huu haujai tena ile nafasi. Utacheza. Unaweza kuendelea kuyeyuka huko juu, na baada ya muda wakalazimika kumfungua tena. Yeye ushauri wake ni titani.

"Hiyo ni chuma?"

"Ni aina ya madini, Bibi. Haishiki kutu, na mwili hauikatai kirahisi."

"Ni chuma," nikasema.

Akavuta droo akanipa kipande cha kuonyeshea. Nikakipima mkononi. Chepesi! Wavu mwembamba una vitobo vitobo, kama chujio la chai lililokunjuliwa. Nikamuuliza, "Hiki ndicho kitazuia tofali?" Akacheka, akasema sisi ndio tumzuie asipigwe na tofali. Nakundwa alikichukua akakigeuzageuza, akakiweka kwenye bonde lake juu ya ngozi, akajitazama kwenye kioo cha simu. Nikampokonya. Si kofia.

Ipo pia simenti. Nilishtuka, nikaona watu wa zege na koleo. Daktari akasema hapana, ni simenti ya mifupa, unga na maji yake, wanaukanda palepale mezani na kuufinyanga ufuate kichwa, halafu unakauka na kuwa mgumu. Ni jamii moja na vile vinavyotengeneza meno ya bandia.

Nikatoa meno yangu ya juu nikayaweka kiganjani.

"Haya?"

"Ndiyo, Bibi, jamii hiyo."

"Haya yaliniponyoka kwenye karai yakapasuka vipande viwili. Haya unayoyaona ni ya pili. Simenti hapana."

Hakubisha. Alisema tu ya kichwani hainyofolewi na kuoshwa kwenye karai. Lakini nilishaona. Akataja na plastiki fulani ngumu inayotengenezwa na mashine kwa kipimo cha kichwa cha mtu, inaagizwa, inasubiriwa. Nikamwambia hiyo awatajie wenye magari yao. Ya hela tusiyazungumze hapa. Tulikuwa na ng'ombe Maore, sasa hatuna, imeisha.

Halafu nikauliza swali langu, lile nililokuja nalo kutoka nyumbani.

"Atabeba?"

"Abebe nini, Bibi?"

"Ndoo. Kuni. Gunia. Kichwani."

Akanitazama kama nimemsemesha kwa Chasu, Kipare chetu cha mlimani. Akakuna shingo. "Hilo sijawahi kuulizwa," akasema. Akafikiri, na nilimheshimu kwa kufikiri, wengine wangejibu tu. Akasema kiwe chuma, kiwe mfupa, kiwe nini, mwanzoni asibebe chochote kabisa. Na baadaye? "Angekuwa dada yangu, nisingemruhusu abebe kichwani tena."

"Daktari, kwetu ni mlima. Kichwa ndicho gari letu."

"Basi wengine wambebee."

Wengine! Wengine ni mimi, na magoti yangu yanalia nikipanda ngazi tatu tu. Nilimtazama Nakundwa. Alikuwa anaangalia dirishani.

Nilikuwa nimeshasimama niondoke ndipo likanijia. "Tukiweka chuma, huo mfupa mnaupeleka wapi?"

Alijibu kwa upole, hilo nakiri. "Unachomwa, Bibi. Hospitali ina tanuri. Unakwenda pamoja na taka nyingine za upasuaji."

Taka.

Neno hilo moja limekaa nami tangu Ijumaa. Nikilala lipo, nikiosha vyombo lipo. Kitovu cha Nakundwa nilikizika mimi kwa mikono yangu, kwenye mgomba ulio nyuma ya jiko, na mgomba huo mpaka leo hakuna anayeukata ovyo. Nywele zake za kwanza nilizifukia palepale. Ndivyo tunavyofanya, kilichotoka kwa mtu kinarudi kwenye udongo wa kwao. Halafu fuvu lake, fuvu, liende tanurini na pamba zenye damu za watu nisiowajua? Nikamwomba anipe nikauzike. Akasema kuna taratibu, ataulizia, hawezi kuahidi. Alisema tunaweza kwenda kufikiri, lakini Jumatatu nimpe jibu, kwa sababu nafasi ya upasuaji ni wiki hii inayoanza kesho na kifaa lazima kiandaliwe.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Nikisema chuma, wanauchoma mfupa wake. Nikisema mfupa, namrudishia kichwani kitu kinachoyeyuka.

Jana akapiga simu shemeji Elieza, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, na pia ni mzee wa kanisa, ndiye anayesoma matangazo. Nilimweleza yote. Nilikosea, ningemweleza nusu.

"Mama Eliamini," akasema, kwa ile sauti ya matangazo, "ukoo huu haujawahi kuwa na mtu mwenye kichwa cha bati."

"Si bati, shemeji."

"Bati, chuma, ni kilekile. Siku akiitwa, ataenda kwa babu zake na nini hicho? Na mkiuacha mfupa wake wakauchoma, mjue mmechoma mtu wetu akiwa hai."

Nieleze kidogo, maana kuna watu wa mbali wanaosoma. Zamani kwetu, mzee wa ukoo akifa alizikwa, kisha baada ya muda wakamfukua, wakachukua kichwa, wakakipeleka msituni chini ya jiwe kikakae na vichwa vya wenzake. Dini ilipokuja ikakataza. Lakini msitu upo, jiwe lipo, vichwa vipo vimejipanga. Hakuna anayeokota hata ukuni pale, hata hao waliookoka wanaopiga kelele na vipaza sauti. Mimi niliviona mara moja nikiwa bibi harusi mgeni, kwa mbali, kwa sababu mwanamke hasogei pale. Nikarudi mbio na mtungi mtupu.

Kwa hiyo shemeji aliposema kichwa, mimi nilijua anasema nini. Sisi kichwa si kiungo tu. Kichwa ndiye mtu.

Sikumjibu. Siku zote namjibu, jana sikumjibu, kwa sababu yale aliyoyasema yalikuwa ndani yangu tayari tangu Moshi. Aliyasoma tu, kama matangazo.

Akaongeza. "Vijana wangu wa Ndungu walisema watakuja kutoa damu. Mkienda na chuma, damu yetu msiitafute."

Hospitali wametaka ndugu wachangie damu kabla. Mimi ni mzee, hawaitaki yangu. Upendo ana presha. Vijana wake wawili ndio tuliowategemea, na shemeji anajua. Alijua pa kukaba.

Leo nimetoka ibadani sijui hata somo lilikuwa lipi. Nilikaa pale nikitazama kisogo cha mtu wa mbele yangu, kisogo kizima kabisa, nikamwonea wivu mtu nisiyemjua kwa sababu ya kisogo. Mungu anisamehe. Nilipofika nyumbani nikaketi uani, Nakundwa na Upendo wakiwa wanachambua maharage, nikampigia shemeji. Sikupanga maneno. Yalikuja yenyewe, na yalikuja kwa sauti.

"Shemeji, nitajie mwanamke mmoja aliyepo chini ya lile jiwe."

"Unasemaje?"

"Mmoja tu. Mama yako yupo?"

Akakohoa.

"Mama yako tulimzika kwenye udongo, na kichwa chake, na kila kitu chake, na hakuna mwanamume wa ukoo huu aliyerudi kukiulizia. Mkwe wangu yule aliyewalea wote! Leo ndio mnakumbuka kichwa cha Nakundwa? Mlikuwa mnamtengea nafasi?"

"Mama Eliamini, una mdomo."

"Ninao. Na meno yake ni ya simenti."

Akakata simu. Upendo alikuwa ameziba uso kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika. Na mimi nilicheka. Nilicheka vizuri kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, halafu katikati ya kicheko ile hofu ikarudi kubwa kuliko mwanzo.

Kwa sababu nilikuwa nimeshinda, na bado sikutaka chuma.

Hapo ndipo nilipojiona. Si ukoo. Si msitu. Hata tanuri si lenyewe. Mimi nilidhani ule mfupa ukirudi mahali pake, Nakundwa atarudi nao. Yule wa zamani, wa kunipinga, wa kunisahihisha maneno kwenye simu, wa kupanda mlima na gunia huku anaimba. Nilidhani amewekwa humo ndani ya mfupa, ametunzwa tumboni, na siku ukifungwa pale juu atafumbua macho aniulize, "Bibi, unanitazama nini?" Daktari alishaniambia wengine wakifungwa kichwa wanapata nafuu ya maneno na maumivu, wengine inabaki palepale, hana ahadi. Nilimsikia. Sikutaka kusikia. Nikikubali chuma, nimekubali kwamba yule wa zamani ameliwa kingo na hakuna wa kumrudisha.

Nimeandika hilo na sitalifuta.

"Bibi."

Nakundwa alikuwa ameacha maharage. Amevua helmeti, ameiweka mapajani.

"Nini? Vaa kofia yako, upepo huu."

Hakuvaa. Akaweka mkono tumboni, upande wa kulia, juu ya kanga.

"Unaisha," akasema.

"Nini kinaisha?"

"Huu. Mfupa. Kila... kila... " Akatafuta neno. Upendo alifungua mdomo amsaidie, nikamkata jicho. "Kila nikiushika. Mdogo. Mdogo zaidi."

"Umeona kwenye picha."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama anavyofanya sasa. "Kabla ya picha. Zamani. Najua."

Binti yangu alijua. Kabla ya daktari, kabla ya kompyuta, alikuwa anaupapasa kwa vidole vyake na kuusikia unapungua, na hakusema.

"Kwa nini hukuniambia, Nakundwa?"

Nilisubiri. Kusubiri si kazi yangu, nyote mnajua, lakini nilisubiri.

"Ulikuwa unauombea."

Ni kweli. Kila jioni, akishajilaza, nilikuwa naweka mkono wangu pale tumboni kwake juu ya ule uvimbe wa mfupa na kumwomba Mungu autunze. Kila jioni. Na yeye amelala kimya chini ya mkono wangu, anajua unakwisha, ananiachia nimalize sala.

Nikauangalia mkono wangu.

"Unauma," akasema tena. "Nikilala. Unachoma." Akaonyesha pembeni, pale kingo zilipo. Hilo nalo hakuwahi kulisema, na mimi sikuwahi kuuliza. Nimeuliza madaktari, nimeuliza mchungaji, nimemuuliza shemeji. Mwenye tumbo sikumuuliza.

"Sasa wewe unataka nini?"

"Kile cha... " Akafanya vidole kama mtu anayemimina kitu. "Cha chai."

"Chujio?"

"Eeh! Chujio." Akacheka. Upande mmoja wa mdomo wake unacheka mapema kuliko mwingine sasa, nimeanza kuuzoea. "Niwekee chujio."

"Utakuwa na chuma kichwani maisha yako yote. Mhezi kukiwa na baridi daktari amesema unaweza hata kuisikia."

"Nitavaa... " akatafuta, akaacha, akaigusa kanga yangu ya kichwani. Kilemba. Atavaa kilemba.

"Na mzigo hutabeba tena."

Hapo hakucheka. Aliangalia chini kwenye ungo, akaokota haragwe bovu akalitupa. "Nitalima," akasema. "Wabebe wao."

"Na mfupa? Wakiuchoma?"

Akainua mabega. Basi. Akarudi kwenye maharage yake. Akanikabidhi helmeti kama mtu anavyomkabidhi mwingine kikombe alichomaliza kunywa, nikamvisha mwenyewe, nikafunga kamba chini ya kidevu, na hakunisema.

Muda mfupi uliopita simu imelia. Ujumbe, kutoka kwa mkubwa wa wale vijana wa Ndungu. Ameandika, "Shikamoo mama mkubwa. Kesho tunakuja wote wawili kutoa damu. Mzee asijue kwanza." Nimemjibu marahaba, na nimemwambia ale vizuri asije akazimia akatuaibisha. Shemeji atajua, na akijua atakuja kugomba, na mimi nitakuwepo. Huyo simwogopi. Ingekuwa ninachoogopa ni watu tu, ningefurahi leo. Watu unawajibu.

Kesho nitasema chuma. Nimeshajizoeza kulitamka, nimelitamka mbele ya jiko, mbele ya mbuzi wa Upendo. Na mfupa nitauomba. Wakinipa, hata mabaki, nitaufunga kwenye kitambaa cheupe niupandishe Mhezi, nikauzike pale kwenye mgomba wake bila shemeji na bila matangazo. Wakininyima, nitamwomba yule daktari kijana anipe niushike kidogo tu kabla haujaenda. Sidhani kama hilo lina taratibu. Nitaushukuru, maana ulijitahidi.

Lakini sijatulia, nisiwadanganye. Simenti inapasuka, mfupa unayeyuka, chuma nacho sijui kitafanya nini nisichokijua. Watamnyoa. Watampa nusu kaputi, atalala usingizi usio wake. Watamsukuma kwenye kile kitanda cha magurudumu mpaka mlangoni, na mlangoni nitaambiwa, Bibi, wewe bakia hapa. Jioni itafika nikiwa nimekaa kwenye benchi la watu wa kusubiri, saa ileile ninayomwekeaga mkono tumboni. Na hapo tumboni, hata akitoka salama, hakutakuwa na kitu tena. Kutakuwa na mshono.

Sala ninayo. Mkono nitauweka wapi?